Kompaundi ya Meguiar's kwenye Hilux Nyekundu ya Mwaka 1993

Hilux ya marehemu baba ilitoka kiwandani mwaka 1993 ikiwa nyekundu kama pilipili mbivu, na ndivyo ninavyoikumbuka ikirudi kutoka Mkuranga na nazi na mihogo, imejaa vumbi hadi kwenye vioo lakini wekundu wake ukionekana chini ya vumbi hilo. Nilipokabidhiwa funguo mwaka 2019, gari lilikuwa limelala nje kwa miaka mingi chini ya mwembe huko Kigamboni, mahali ambapo usiku mtu husikia mawimbi, na wekundu ule ulikuwa umekwisha. Boneti lilikuwa na rangi ya tofali kuukuu, paa lilikuwa limepauka hadi kuwa waridi, na mtu yeyote aliyeegemea mlango akiwa na shati jeupe aliondoka na doa la unga mwekundu mgongoni.

Tathmini hii inahusu Meguiar's Ultimate Compound, kompaundi ya majimaji ya kurudishia mng'ao wa rangi ya gari, inayouzwa katika chupa ya mililita 450. Niliitumia kwenye Hilux hiyo mwezi Juni mwaka jana, mara tu masika yalipokwisha, na nimesubiri miezi minane kabla ya kuandika, kwa sababu gari lolote hung'aa siku linapopigwa polishi, na swali la maana ni litakavyokuwa baada ya vuli na kiangazi. Niliitumia pia kwenye gari la jirani yangu, Toyota Premio ya buluu iliyokoza, ambalo rangi yake ni ya aina nyingine kabisa, na tofauti ya matokeo kati ya magari hayo mawili ilinifundisha mengi kuliko maelezo yaliyobandikwa kwenye chupa.

Yaliyotangulia yanastahili kuelezwa, maana msomaji mwenye gari kuukuu huenda yumo katikati ya njia ile ile niliyoipita. Kwa miaka miwili niliridhika na polishi za sehemu za kuoshea magari, yale maji meupe yanayonukia matunda ambayo hupakwa kwa sponji dakika chache kabla ya mteja kuondoka. Gari liling'aa hadi nyumbani, pengine hadi Jumapili, kisha mvua moja au asubuhi mbili za umande wa bahari zikairudisha rangi pale pale ilipokuwa. Polishi nyingi za namna hiyo ni mafuta ya silikoni yaliyochanganywa na maji. Huulowesha uso uliopauka na kuifunika mikwaruzo midogo, kama vile sakafu kavu ya saruji inavyoonekana mpya inapomwagiwa maji, na maji yakikauka sakafu hurudia hali yake.

Baadaye nililipeleka gari kwa fundi mmoja aliyeniahidi kwamba angeitoa rangi iliyofichika chini. Alichukua grainda ya kukatia vyuma, akaifunga kichwa cha manyoya, akapaka kompaundi nzito ya kusagia inayouzwa kwa makopo, na akaanzia kwenye ukingo wa shavu la mbele la kushoto. Grainda ya kawaida huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, ilhali mashine iliyoundwa kwa ajili ya kupolishia magari huendeshwa kati ya mara 600 na 3,000 hivi. Kabla sijapata neno la kusema, rangi ya ukingo ule ilikuwa imeungua, praima ya kijivu, ile rangi ya msingi inayopakwa kwanza juu ya chuma, ikatokea, na doa hilo la upana wa vidole viwili lipo hadi leo. Nilimsimamisha, tukaelewana malipo, nikaondoka na gari langu. Alikuwa kijana mchapakazi aliyefanya kama alivyofundishwa, na simlaumu sana, lakini siku ile nilielewa jambo ambalo kila mwenye gari kuukuu anapaswa kulielewa kabla ya kuruhusu mtu alisugue: rangi ni akiba yenye kikomo. Kwa kawaida rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima hadi juu kabisa, ina unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi, wakati unywele mmoja wa binadamu ni kama mikroni 70. Kila kusugua kunachota kutoka katika akiba hiyo, na kilichochotwa hakirudi mpaka gari lipigwe rangi upya.

Hiki ndicho kipimo nilichokitumia katika kuipima kompaundi ya Meguiar's, yaani inachota kiasi gani ili kurudisha mng'ao kiasi gani.

Rangi hupauka kwa sababu jua huvunja utomvu unaozishika chembechembe za rangi pamoja. Utomvu ukishavunjika, chembechembe hubaki zimelegea juu ya uso kama chaki ubaoni, na huo ndio unga unaobaki kwenye kiganja. Dar es Salaam jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena katikati ya Oktoba, na gari lililolala nje halina pa kujificha. Ongeza hapo chumvi ya bahari, utomvu wa mwembe, na kinyesi cha kunguru, wale ndege walioletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 na ambao sasa wametamalaki mji mzima. Tindikali iliyomo katika kinyesi hicho huuma rangi iliyopata joto na kuacha kovu lisilotoka kwa sabuni. Magari mekundu ndiyo yanayoonekana kuzeeka mapema zaidi, kwa kuwa wekundu ukipungua kidogo tu jicho hulitambua mara moja.

Uso uliopauka haung'ai kwa sababu umekuwa na vishimo na vinundu vidogo mno, na mwanga unapougonga hutawanyika kila upande badala ya kurudi pamoja. Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho yake aende Mwenge akawatazame wachonga vinyago wakimalizia kazi ya mpingo. Kinyago kikitoka kwenye patasi huwa cha kijivu na butu, hata kama mti wenyewe ni mweusi. Mchongaji hupitisha msasa mkavu, kisha msasa laini zaidi, kisha mwingine laini kuliko huo, na weusi hujitokeza hatua kwa hatua kabla hajagusa polishi ya viatu. Weusi ulikuwa mle mle ndani ya mti muda wote. Kwenye gari lenye rangi kuukuu kazi ni hiyo hiyo: kuondoa ngozi iliyokufa na kuulainisha uso ulio chini yake, kwa kiasi kinachotosha na kisichozidi hapo.

Meguiar's ni kampuni ya Kimarekani. Frank Meguiar Jr. aliianzisha mwaka 1901 kwa kutengeneza polishi ya samani, na tangu mwaka 2008 imo mikononi mwa kampuni ya 3M. Ultimate Compound ni maji mazito yanayofanana na losheni, yenye chembe za kusugulia ambazo ni ndogo sana na zenye ukubwa unaolingana. Hapo ndipo inapotofautiana na kompaundi za zamani za kusagia, ambazo chembe zake kubwa hukata haraka na kuuacha uso na mikwaruzo ya duara, ile inayoonekana kama utando wa buibui gari linaposimama chini ya taa ya kituo cha mafuta. Nilipoisugua kati ya kidole gumba na cha shahada sikuhisi chembe yoyote, na nakiri kwamba jambo hilo lilinitia shaka, maana nilizoea kuamini kuwa kinachokata lazima kikwaruze.

Kabla ya kuipaka popote nilifanya jaribio ambalo ningemsihi kila mtu alifanye. Chukua kitambaa cheupe safi, weka tone la kompaundi, kisha sugua mahali pasipoonekana sana, kwa mfano chini ya mlango. Ikiwa kitambaa kinatoka na rangi ya gari, gari hilo lina rangi ya tabaka moja, isiyofunikwa na klia. Ikiwa kitambaa kinabaki cheupe au kinachafuka kijivu tu, juu ya rangi kuna klia, lile tabaka angavu lisilo na rangi, na ndilo unalolisugua. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1980 na ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yenye rangi zisizo na metaliki, yaani zisizo na chembe za kumetameta, hasa nyeupe na nyekundu, yalipakwa tabaka moja. Kitambaa changu kilitoka chekundu kama kilichopanguswa mchuzi wa nyanya. Hii ilikuwa habari njema, kwa sababu rangi ya tabaka moja ni ile ile kutoka juu hadi kwenye praima, na ikipauka juu inaweza kufufuliwa kutoka ndani yake yenyewe.

Uoshaji ulinichukua asubuhi nzima, na sijutii muda huo. Nilitumia sabuni maalumu ya magari na maji ya bomba niliyoyakinga kwenye madumu, nikayaepuka maji ya kisima chetu ambayo yana chumvi na huacha madoa meupe ya mviringo yakikauka juani. Kisha nilipitisha udongo wa kusafishia rangi, kipande laini kama unga wa chapati uliokandwa, huku nikiulowesha uso kwa maji ya sabuni ili kisikwaruze. Udongo huo ulinasa utomvu wa mwembe na chembe za chuma ambazo sabuni haikuziweza, na boneti ambalo lilikuwa na mparuzo kama msasa likawa laini chini ya vidole ingawa lilikuwa bado limepauka. Anayeruka hatua hii atazisugua chembe hizo pamoja na kompaundi, na mikwaruzo itakayopatikana itakuwa kazi ya mikono yake.

Nilianza na boneti, kwa mkono. Maelekezo ya chupa yanasema bidhaa hii yaweza kutumiwa kwa mkono au kwa mashine, na nilitaka kujua iwapo mtu asiye na mashine anaweza kunufaika nayo, kwa kuwa wengi wetu tuko katika hali hiyo. Niligawa boneti katika vipande vya karibu sentimita 60 kwa 60, kivulini, saa moja na nusu asubuhi, chuma kikiwa bado cha baridi. Nilitia kiasi cha kijiko cha chai kwenye sponji la kupakia, nikasugua kwa mkazo wa wastani, kwa kwenda na kurudi kisha kwa kukatiza, dakika tatu kwa kila kipande, na nikafuta kwa kitambaa cha mikrofaiba kabla kompaundi haijakauka. Kipande cha kwanza kilibadilika kiasi kwamba nilisimama na kumwita mke wangu aje aone. Upande mmoja wa mstari kulikuwa na tofali kuukuu, na upande wa pili kulikuwa na wekundu ambao sikuwa nimeuona tangu nikiwa shule ya sekondari, na ndani yake kivuli cha majani ya mwembe kilionekana, jani kwa jani.

Boneti zima lilinichukua saa moja na robo, na mabega yangu yalilalamika kwa siku mbili. Kwa hiyo jibu la swali langu ni kwamba mkono unatosha kwa mtu mwenye subira na mwenye sehemu chache zilizopauka, lakini kwa gari zima, na hasa kwa mikwaruzo yenye kina, mkono hauwezi kuusukuma mchanganyiko kwa usawa wa kutosha. Niliporudi kulitazama boneti jioni, jua likiwa limelala, niliona mawimbi hafifu ya sehemu nilizozisugua zaidi na nilizozisugua kidogo.

Kwa sehemu zilizobaki niliazima mashine kwa rafiki anayefanya kazi ya bodi za magari. Ni mashine ambayo kichwa chake huzunguka na kutikisika kwa wakati mmoja, na ukiikandamiza kupita kiasi kichwa huacha kuzunguka badala ya kuichoma rangi, kwa hiyo mtu asiye fundi hawezi kuharibu kwa urahisi kama kwa grainda. Niliifunga pedi ya povu ya ugumu wa wastani, nikatumia hatua ya 4 na ya 5 kati ya hatua 6 zilizopo, nikaenda polepole, mikono ikiusikiliza uso. Milango minne, mashavu, paa na pande za bodi ya nyuma vilinimalizia Jumamosi mbili. Pedi ilijaa unga mwekundu baada ya kila kipande, na ilinibidi kuisafisha kwa brashi ya meno mara kwa mara, la sivyo unga ule mkavu ungerudishwa kwenye rangi. Nilitumia vitambaa 14, na hakuna hata kimoja kilichowahi kurudia weupe wake.

Kosa moja ni langu mwenyewe. Sikuzifunika raba za madirisha na plastiki nyeusi za vishikio vya milango kwa tepu ya karatasi, na kompaundi ilipozigusa na kukauka iliacha mistari meupe kwenye vinyweleo vya plastiki, ambayo niliitoa kwa mswaki na maji ya sabuni ya vuguvugu kwa muda mrefu kuliko ambavyo ingenichukua kubandika tepu. Tepu ifunike pia kingo zote kali za bodi, maana rangi huwa nyembamba zaidi pale inapopinda, kama shavu langu la kushoto linavyoshuhudia.

Kompaundi iliyotumika kwa gari zima ni kama theluthi mbili za chupa. Niliona kwamba tone dogo hufanya kazi sawa na tone kubwa, na kwamba haikauki haraka kama nilivyotarajia katika hali yetu ya hewa, mradi chuma ni baridi. Nilipojaribu kufanya kazi saa sita mchana, juu ya paa ambalo kiganja hakikuweza kulivumilia, ilikauka ndani ya dakika moja na ikawa ngumu kufuta. Hakuna kompaundi yoyote ninayoijua isiyokuwa na sharti hilo, kwa hiyo nawashauri wenzangu wa pwani waichague kipupwe, kati ya Juni na Agosti, na waifanye kazi hii asubuhi.

Sasa nije kwenye Premio ya jirani. Rangi yake ya buluu ni ya metaliki na imefunikwa na klia, na kitambaa cheupe kilithibitisha hivyo kwa kubaki bila rangi. Klia peke yake kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 hadi 50, na ndiyo inayobeba kinga dhidi ya miale ya jua, kwa hiyo hata mikroni chache zikiondolewa maisha ya tabaka hilo hupungua. Gari hilo lilikuwa limejaa mikwaruzo ya duara iliyotokana na vitambaa vyenye mchanga vya sehemu za kuoshea. Nilipitisha mashine mara mbili kwa kila kipande, na karibu mikwaruzo yote hafifu ilitoweka, buluu ikakoza, na zile chembe za metaliki ambazo jirani alidhani zimekufa zikaanza kumetameta. Mikwaruzo ambayo ukucha hukwama ukipitishwa juu yake haikutoka, na sikuendelea kuifukuza. Kuutoa mkwaruzo wenye kina maana yake ni kuishusha klia yote iliyouzunguka hadi kufikia chini ya mkwaruzo, na gharama hiyo ni kubwa kuliko kuishi nao.

Kwenye paa la Premio hali ilikuwa nyingine kabisa. Klia ilikuwa imebambuka kwa mabaka meupe yenye kingo zilizoinuka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, na hapo kompaundi haikusaidia chochote. Haikupaswa kusaidia, kwa kuwa klia iliyobambuka imekwisha kuondoka, na hakuna dawa ya chupa inayoweza kuirudisha kitu ambacho hakipo. Jirani alisikitika sana, nami nilisikitika pamoja naye, lakini nilimweleza kwamba dawa ya paa lile ni msasa, praima na kupigwa rangi upya na fundi rangi, na kwamba fedha yoyote itakayotumika kununua kompaundi kwa ajili yake itakuwa imepotea. Naliandika jambo hili kwa mkazo kwa sababu nimewaona watu wakinunua chupa ya tatu na ya nne wakitumaini muujiza juu ya klia iliyobambuka. Taa za mbele zilizogeuka manjano zilipata nafuu kidogo kwa kompaundi hii, ila manjano yalianza kurudi baada ya wiki chache, kwa kuwa ile ngozi ya kinga ya plastiki ilikuwa imekwisha.

Kompaundi huuacha uso ukiwa uchi. Baada yake nilipaka Show Car Glaze namba 7 ya kampuni hiyo hiyo, kimiminika kisicho na chembe za kusugulia ambacho wapenzi wa magari ya kale wamekitumia kwa miaka mingi kuyarudishia mafuta matabaka ya rangi ya zamani isiyo na klia. Niliipaka kwa wingi jioni, nikaiacha usiku kucha, na asubuhi wekundu ulikuwa umekoza kwa daraja moja zaidi. Kwa gari lenye klia siioni haja yake. Kisha nilipaka nta ya karnauba, ile inayotokana na majani ya mti wa jamii ya minazi na michikichi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazil, matabaka mawili, siku moja kati yao. Nta ndiyo inayopigana na chumvi na jua kwa niaba ya rangi, na anayepiga kompaundi bila kupaka nta ameichimba akiba yake na kuiacha wazi ichukuliwe.

Kuhusu bei, nililipa shilingi 72,000 kwa chupa ya kompaundi katika duka la vipuri huko Kariakoo, na jumla ya vitu vyote, ukiacha mashine ya kuazima, ilikaribia shilingi 200,000. Hiyo si fedha ndogo. Ukiwa na Hilux ya rangi ya tabaka moja, au gari lenye klia nzima iliyochakaa kwa mikwaruzo, naiona ni bei ya haki, kwa kuwa kulipiga gari zima rangi mpya kunagharimu mara nyingi zaidi na mara nyingi hakufikii ubora wa rangi ya kiwandani. Ukiwa na gari lenye klia iliyobambuka kila mahali, ziweke fedha hizo kwa ajili ya fundi rangi. Ukinunua, kagua kwamba muhuri chini ya kifuniko haujafunguliwa, na fungua chupa ukiwa ungali dukani.

Miezi minane imepita. Maji yaliendelea kujikusanya kuwa matone juu ya boneti kwa wiki saba hivi baada ya nta ya kwanza, ndipo yakaanza kutandaa, nami nimeirudia nta hiyo mara tatu tangu wakati huo. Kompaundi sijaigusa tena. Mvua za vuli zilipita, kaskazi ikavuma na chumvi yake, na boneti bado ni jekundu la pilipili. Paa ndilo lililoanza kupoteza ukali wa mng'ao, kwa kadiri ambayo mtu asiyelijua gari hataiona, na mashavu na milango ni kama nilivyoviacha. Kiganja nikikipitisha popote kinatoka safi. Nimehamisha pia sehemu ya kuegesha gari kutoka chini ya mwembe hadi chini ya paa la makuti nililolijenga mwezi Septemba, na ni haki kusema kwamba makuti hayo yana mchango wao katika matokeo haya.

Kuna sehemu moja niliyoizungushia tepu kwa uangalifu kuliko zote. Kwenye mlango wa dereva, mwandishi wa mabango aliandika kwa brashi nyeupe, zaidi ya miaka 25 iliyopita, jina la baba na sanduku lake la posta, Mkuranga. Rangi ile ya maandishi ni laini, na kompaundi yoyote ingeila kwa mipitisho miwili. Nilisugua hadi kwenye kingo za tepu kwa mkono, kwa kidole kilichovikwa kitambaa, herufi kwa herufi, na wekundu uliobaki kati ya herufi umeachwa ukiwa umepauka vile vile. Robo ya kompaundi imebaki ndani ya chupa. Mwanangu mkubwa ananiambia kwamba kwa brashi ndogo ya kuchorea tunaweza kuifikia ile nafasi iliyo ndani ya herufi bila kuzigusa herufi zenyewe, na kipupwe kijacho tutajaribu kwanza kwenye herufi ya mwisho.